Msaada, Biashara na Mkonge

Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi nchini Tanzania, kwa kuwa Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akawaambia wauchukue na msaada wa serikali uliosalia.

Lakini biashara nayo ilikuwa na bwana wake. Mkonge, uliotangulia mazao yote kwa kuingiza fedha za kigeni wakati wa uhuru, 1961, ulianguka bei baada ya 1964, huku ukishindana na nyuzi za viwandani. Jasho la mkata mkonge wa Tanga halikupungua; thamani yake ndiyo iliyopungua.

Azimio la Arusha la 1967 lilionya juu ya zawadi na mikopo. Juu ya bei halikuwa na amri. Aliyeukataa mkono wa mfadhili alikuwa angali mkononi mwa mnunuzi.