Kura ya Maoni ya Greenland (1982)

Kura iliyopigwa tarehe 23 Februari 1982, ambapo wakazi wa Greenland waliamua kutoka katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Waliotaka kutoka walikuwa asilimia 53. Uamuzi ulianza kutumika tarehe 1 Februari 1985, miaka 35 kabla ya Uingereza kufuata njia hiyo.

Mzizi wake ni kura ya Denmark ya Oktoba 1972. Wakati huo Greenland ilikuwa mkoa tu wa Denmark. Takriban asilimia 70 ya wapiga kura wake walikataa kujiunga, lakini kura zao zilijumlishwa na za Denmark nzima, ambako waliokubali walikuwa asilimia 63, na mwaka 1973 kisiwa kikaingia Ulaya bila kupenda. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya ufalme huohuo, vilibaki nje kwa sababu tangu 1948 vilikuwa na serikali yao ya ndani. Somo hilo halikuwapita Wagreenland, nao wakaipata ya kwao tarehe 1 Mei 1979.

Hoja kubwa ilikuwa samaki. Kisiwa hakina kilimo cha kutajika. Chewa na kamba ndio riziki, na masharti ya kuwavua yalikuwa yakipangwa Brussels. Meli kubwa za Ujerumani Magharibi zilivua katika maji yaleyale ambamo wenyeji walitupa nyavu kwa mashua ndogo. Chama cha Siumut, cha waziri mkuu Jonathan Motzfeldt, kilitaka kutoka. Atassut kilitetea kubaki, kikitaja misaada ya Jumuiya. Hoja ya Atassut haikuwa nyepesi, na huenda ndiyo iliyopunguza wapinzani wa Ulaya kutoka asilimia 70 hadi 53 katika miaka kumi.

Mazungumzo yalikuwa magumu kuliko kura yenyewe, maana Wajerumani hawakutaka kupoteza maji hayo. Mkataba ulitiwa saini Machi 1984. Greenland ikawekwa katika kundi la nchi na maeneo ya ng'ambo: samaki wake wanaingia soko la Ulaya bila ushuru, na meli za Ulaya zinaendelea kuvua huko, ila sasa kwa makubaliano na kwa malipo. Wakazi wake, kwa kuwa ni raia wa Denmark, wamebaki raia wa Umoja wa Ulaya.