Mizigo ya Mkononi na Historia ya Hofu

Wengi wetu huamini kwamba kanuni za usalama katika viwanja vya ndege zimetokana na upimaji makini wa hatari. Historia yaonyesha vinginevyo. Takriban kila kanuni ni kumbukumbu ya tukio moja, na kwa kuwa matukio hayakufuata mpango, kanuni nazo hazikupangika.

Kabla ya tarehe 11 Septemba 2001, abiria nchini Marekani aliruhusiwa kuingia ndegeni na kisu chenye makali yasiyofika inchi 4. Baada ya siku ile, visu vikapigwa marufuku. Desemba mwaka huohuo mtu mmoja alijaribu kulipua ndege iliyotoka Paris kwenda Miami kwa baruti aliyoificha viatuni. Ukaguzi wa viatu ukaanza, na mwaka 2006 kuvivua kukawa lazima. Agosti 2006 Uingereza ilifichua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, na punde kikawekwa kikomo cha mililita 100. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hofu hiyo ingeeleweka lau ingekuwa na msimamo. Machi 2013 mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilitangaza kuruhusu visu vidogo vya kukunja. Wahudumu wa ndege wakapinga, na Juni uamuzi ukaachwa. Machi 2020, wakati wa korona, mamlaka hiyo iliruhusu chupa ya kitakasa mikono ya aunsi 12, zaidi ya mara tatu ya kikomo, ilhali maji ya ujazo uleule yaliendelea kuzuiwa.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni wa Machi 2017. Marekani ilizuia kompyuta mpakato kubebwa mkononi katika safari za kutoka viwanja 10, vikiwamo Dubai, Doha na Istanbul. Uingereza ilitangaza zuio lake siku hiyohiyo, lakini katika nchi zake sita, Falme za Kiarabu na Qatar hazikuwamo. Hivyo msafiri wa Dar es Salaam au Nairobi aliyepitia Dubai alihesabiwa hatari akielekea New York, na salama akielekea London, kwa kompyuta ileile.

Hasara hapa ni kubwa kuliko usumbufu wa foleni. Raia anayezoea kutii asichokielewa huacha kuuliza sababu. Ofisa anayezoea kutekeleza asichoweza kukieleza hupata mamlaka yasiyo na kipimo. Kanuni ya viatu ilidumu hadi Julai 2025, miaka 19 tangu ilipofanywa lazima. Ni kanuni ngapi katika ofisi zetu za umma zilizozaliwa na tukio ambalo hakuna tena anayelikumbuka? Kila kanuni ya dharura na ipewe tarehe ya kupitiwa upya, na anayetaka idumu ndiye abebe jukumu la kuitetea.