Je, Inajuzu Kijana Kusomeshwa Dini ya Mayahudi Skuli?

Mzazi aliyeko Ikinga, wilaya ya Ileje, ametuuliza kama kijana wake wa sekondari anapata dhambi kwa kusomeshwa dini ya Mayahudi. Jibu letu: kujua si kufuata. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimuamrisha Zayd bin Thaabit ajifunze maandishi yao.

Mayahudi si kundi moja. Waothodoksi wanashikamana na sheria yao, Halakha, inayotokana na Taurati na Talmudi. Wakonsavativu wanaifuata, ila wanakubali ibadilike kwa zama. Wanamageuzi wanatanguliza maadili, na hukumu nyingi za ibada wanamuachia mtu mwenyewe. Wote wanahimiza tsedaka, yaani kumsaidia maskini kwa kuwa ni haki yake.

Jirani zetu Uganda wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 karibu na Mbale. Skuli yao ya sekondari inapokea Waislamu pia.

Qur-aan (Aal-'Imraan: 113) inatufunza kuwa Ahlul-Kitaab hawako sawa. Kuwahukumu wote kwa kosa la baadhi yao ni dhulma, na dhulma ni haramu. Mzazi amuimarishe mwanawe katika Tawhiyd, kisha amuache asome.

Wa Allaahu A'lam.