Jenereta inapojizima: kinga ya presha ya oili na kwa nini haifai kuchomolewa waya

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta baadhi ya sehemu za abiria zilibaki gizani kwa sababu jenereta ya kuzihudumia haikuwaka. Wengi walijifunza siku hiyo kwamba kuwa na jenereta si sawa na kuwa na stima.

Jambo hili linatugusa sisi wa Pwani hata tukiwa mbali na Nairobi. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Lamu, Kilifi au Kwale huweza kuishia Upper Hill, iliko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mtaa huohuo una majumba kama Britam Tower, lenye urefu wa mita 200, ambako bila stima hakuna lifti wala pampu ya maji. Kila jumba la aina hiyo hutegemea injini ya dizeli, na injini hiyo ina kinga inayoweza kuizima katikati ya kazi: kinga ya presha ndogo ya oili.

Oili hufanya nini

Kranki ya injini inapozunguka haitakiwi kugusana na beringi zake. Kati yake pana utando mwembamba wa oili. Pampu inayoendeshwa na injini yenyewe huvuta oili kutoka chini ya injini, huipitisha kwenye filta, kisha huisukuma hadi kwenye beringi. Oili hiyo pia hubeba joto.

Jenereta nyingi kubwa hapa kwetu huzunguka mara 1,500 kwa dakika ili kutoa stima ya hezi 50. Kwa mwendo huo, presha ya oili katika injini nyingi huwa kati ya baa 3 na 5. Presha ikianguka, utando hukatika, chuma husugua chuma, na kwa muda mfupi injini hushika.

Kinga inavyofanya kazi

Kwenye injini hufungwa swichi ya presha, au sensa inayopima presha yenyewe, au zote mbili. Taarifa huenda kwenye kidhibiti cha jenereta. Kwa kuwa injini iliyosimama haina presha, kidhibiti hupuuza taarifa hiyo wakati wa kuwasha na kwa sekunde chache baadaye, mara nyingi kama 10. Baada ya hapo kinga huwa macho.

Penye sensa, kwanza hutoka onyo. Presha ikishuka zaidi, kwa kawaida karibu baa 1, kidhibiti hukata dizeli na injini husimama. Haitawaka tena mpaka mtu afute hitilafu kwa mkono. Imepangwa hivyo makusudi, ili mtu akague kwanza.

Sababu za kukagua ni hizi: oili imepungua, filta imeziba, dizeli imevuja ndani ya oili na kuifanya nyepesi, pampu imechoka, au beringi zimelika. Joto nalo huifanya oili kuwa nyepesi, kwa hivyo aina ya oili ifuate maagizo ya mtengenezaji na joto la mahali. Mombasa si Upper Hill, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Wakati mwingine sensa ndiyo mbovu, lakini fundi mzuri hufunga geji nyingine na kupima kabla ya kuilaumu.

Hatari ya waya uliochomolewa

Swichi nyingi hufunga saketi presha ikiwa ndogo na kuifungua presha ikipanda. Maana yake, waya ukikatika au ukichomolewa ili jenereta “isisumbue”, kidhibiti huona kila kitu kiko sawa. Vidhibiti vizuri huligundua hilo kabla ya kuwasha, kwani injini iliyosimama haiwezi kuwa na presha.

Wapo wanaosema katika hospitali ni heri injini ife kuliko mgonjwa. Hoja hiyo si ya kudharau. Kanuni ya Marekani ya pampu za kuzimia moto, NFPA 20, inataka injini ya pampu iendelee moto ukiwaka hata presha ya oili ikishuka. Italia tu king’ora. Lakini kwa jenereta za dharura, NFPA 110 inataka injini ijizime. Pampu ya moto hutakiwa kumaliza kazi moja hata kama injini itaharibika. Giza la hospitali laweza kuchukua saa nyingi, na injini iliyoshika itatoa stima ya dakika chache, kisha wiki nzima za matengenezo.

Kinachomwokoa mgonjwa ni jenereta ya pili, betri za kushikilia mashine mpaka iwake, na majaribio. NFPA 110 inataka jenereta ijaribiwe kila mwezi kwa angalau dakika 30 ikiwa imebeba mzigo. Kuiwasha tu na kuisikiliza ikinguruma hakutoshi.

Basi ukiwa msimamizi wa hospitali, hoteli au msikiti, muulize fundi wako mambo matatu: oili ilipimwa lini, filta ilibadilishwa lini, na kinga ya presha ilijaribiwa lini. Akikosa jibu la hilo la tatu, mwambie aijaribu leo, stima ikiwa bado ipo.