Vile Utashona Pini ya Ua ya Felti na Mkono, Bila Gluu

Ushawahi ona mse amepiga luku kali ya harusi, koti imenyooka, halafu katikati ya picha ua la kwa kola linaanguka chini? Mara mingi shida si ua, ni gluu. Gluu inashika zile nywele za juu za felti peke yake, na koti ikivutwa kidogo tu, pini inabaki na ua linaenda. Uzi hauna hizo story. Hapa kuna vile unashona yako, na ikae.

Felti ni nini?

Kitambaa cha kawaida kinafumwa kwa nyuzi zinazopishana. Felti haifumwi. Ni manyoya ya kondoo yaliyoloweshwa maji moto, yakasuguliwa na kufinywa hadi yakashikana. Ndio maana ukiikata haitoi nyuzi pembeni, na huhitaji kupinda ukingo. Felti nyingi ya dukani ni ya poliesta. Inafanya kazi poa, lakini usiipige pasi moto sana, itayeyuka.

Kama doh imekaza, ingia mtumba utafute sweta iliyochoka yenye lebo ya "wool" 100%. Ioshe na maji moto na sabuni, usugue bila huruma. Itakuwa ndogo na nene, hiyo sasa ni felti. Lebo imetoka? Choma kauzi kamoja juu ya sinki. Sufu inanuka nywele zimeungua na jivu lake linapondeka. Akriliki inayeyuka na kuacha kijiwe kigumu, na hiyo haitageuka felti hata ukiiosha wiki mzima.

Unahitaji

Vipande vya felti rangi mbili, sindano, uzi imara, makasi yenye makali, na pini ya bruchi. Ukikosa, tumia ile pini ya nepi.

Hatua

1. Chora petali kwa karatasi, umbo la tone la maji, urefu wa sentimita 4. Kata 5. Kata zingine 5 za sentimita 3.
2. Finya sehemu ya chini ya kila petali ikunjike, pitisha sindano. Tunga zote 5 kubwa kwa uzi mmoja, vuta, kisha unganisha ya kwanza na ya mwisho. Ushapata duara. Rudia na zile ndogo.
3. Weka ndogo juu ya kubwa, kila petali ikae kwa pengo la zile za chini. Shona katikati.
4. Kata utepe wa sentimita 10 kwa 1.5. Ukate vijinywele upande mmoja bila kufika mwisho, uviringishe, ushone chini yake. Huo ndio moyo wa ua, ushonee katikati.
5. Kata duara la sentimita 3. Shona pini juu yake *kwanza*, ukizungusha uzi mara 6 hivi kila upande. Sasa shona duara nyuma ya ua, ukizunguka ukingo wote.

Hapo kwa 5 ndipo wengi huchoma. Pini ikae juu kidogo ya katikati, si katikati kabisa. Ikikaa chini, ua litainama mbele ni kama limelala.

Ukitaka kuuza

Usihesabu felti na uzi peke yake. Shika saa uone ua moja linakula muda gani, na hiyo pia uilipishe. Wengi hutoza bei ya vitambaa, halafu wanashangaa kwa nini mfuko haujai.

Na kabla umpee mtu, libandike kwa koti yako, ulivute mara kadhaa na utembee nalo siku nzima. Likikaa, uza. Likicheza, rudisha sindano. Customer ataanguka nalo mara moja tu, ya pili hatakutafuta.