Mshahara wa Marehemu wa Kariakoo

Husemwa kwamba watu wa visiwa na fuo za Nyanza Kusini nchini Kenya, kuanzia kisiwa cha Remba hadi Karungu, hawana mazoea ya bima wala pensheni. Kwamba wao huamini ng'ombe, mashua na chama. Mimi naona shaka yao juu ya bima na pensheni ina historia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliingia Karungu na Kisii mwezi wa Septemba, na Nyanza ikawa miongoni mwa mikoa iliyotoa wapagazi wengi wa jeshi la Uingereza, lile kundi lililoitwa Kariakoo (Carrier Corps). Kufikia 1917 walikuwa wakichukuliwa kwa lazima. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, rekodi rasmi zilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu. Mshahara wa wengi wa marehemu hao haukufika kwa wajane na wazazi wao. Oscar Watkins, aliyeliongoza kundi hilo, aliupigania kwa miaka mingi. Uingereza ikakataa kuutoa.

Hoja iliyotolewa ni kwamba warithi hawakuweza kutambuliwa. Ni kweli kwamba majina yaliandikwa ovyo na madaftari yalikuwa na mapengo. Lakini serikali hiyohiyo ilijua kila nyumba ya kutozwa kodi na chifu wa kuulizwa. Tena, kuanzia mwaka 1920, ilimvisha kila mwanamume Mwafrika kipande: karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Iliweza kumsaka mtu aliyetoroka kazi ya mzungu, ikashindwa kumtafuta mjane wa mtu aliyekufa akiitumikia! Mwaka 1919 ilikuwa imekwisha kuwagawia ardhi askari wazungu waliostaafu. Huo ndio uliokuwa mpango wa uzeeni, na Mwafrika hakuwa ndani yake.

Wapo watakaosema mpagazi hakuwa askari, na kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1945, mambo yalirekebishwa. Askari Waafrika wa King's African Rifles (KAR) walilipwa kweli kiinua mgongo, ila kiwango chake kilipimwa kwa cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi, nacho kilitolewa mara moja tu, si pensheni ya kila mwezi. Mtu aliyekigeuza kuwa ng'ombe alikuwa na akili timamu: ng'ombe yuko zizini, anaonekana, na ukoo mzima unajua ni wa nani.

Hata baada ya uhuru, NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilianzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya wenye ajira, na mvuvi anayelipwa mashua inaporudi alfajiri akabaki nje kwa miongo mingi. Kwa hiyo anayekwenda Remba leo kuuza bima asianze na mahubiri ya kuweka akiba. Aanze kwa kuandika vizuri jina la mrithi na mahali anapopatikana, awe wa Suba, Uganda au Tanzania, na mtu akizama, mrithi huyo alipwe haraka, mbele ya macho ya watu.