Nchi ya chai na nyimbo zake: Yanayomngoja mgeni Kericho na Bomet

MSAFIRI anayeiacha Mau Summit na kushika barabara ya Kericho huanza kuona rangi moja tu: kijani cha majani chai, kilichotandazwa vilimani kama mkeka usio na mshono. Wageni wengi husimamisha gari, hupiga picha mbili tatu na kuendelea na safari yao ya Kisumu. Wachache wanafahamu kwamba wamepita katika mojawapo ya maeneo yenye historia ndefu ya muziki nchini Kenya, na kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa hapa mwaka 1950 unasikilizwa hadi leo Ulaya na Marekani.

Kaunti za Kericho na Bomet zilianza kazi rasmi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kericho ilikuwa na wakazi 901,777 na Bomet 875,689. Wengi wao ni Wakipsigis, kabila lililo kubwa zaidi katika jamii ya Wakalenjin. Chai ya mashamba makubwa ilianza kupandwa huku katika miaka ya 1920, na kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikawa majina ya kila siku. Wafanyakazi walitoka Nyanza, Magharibi na kwingineko, kila mmoja na lugha yake na ngoma yake. Kwa hiyo muziki wa Kericho haujawahi kuwa wa kabila moja.

Chemirocha: wimbo uliovuka bahari

Kapkatet ni mji mdogo ulio kati ya Litein na Kaplong, kwenye barabara inayounganisha Kericho na Bomet. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alifika katika eneo hilo na mitambo yake ya kunasa sauti. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi zilikuwamo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Ile ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kikipsigis, ndiyo iliyopata umaarufu mkubwa. Ala inayosikika ni chepkong, aina ya kinubi kinachokaribiana na nyatiti ya Waluo.

Jina hilo lina kisa chake. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Wakipsigis walikuwa wamesikia santuri za mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers, zilizofika huku pamoja na gramafoni za Wazungu. Katika matamshi ya Kikipsigis, "Jimmie Rodgers" akawa "Chemirocha", na neno hilo likaanza kutumiwa kwa kitu chochote kipya na cha ajabu. Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimwazia mwimbaji huyo kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa, wakamwalika aje acheze ngoma nao.

Rodgers mwenyewe hakuwahi kulijua hilo. Alizaliwa mwaka 1897, akafanya kazi katika reli, na akafariki dunia mwaka 1933 kwa kifua kikuu. Mji wa Meridian, katika jimbo la Mississippi kusini mwa Marekani, humwenzi kwa tamasha lenye jina lake lililoanza mwaka 1953, na una jumba la makumbusho yake. Kwa namna hiyo Meridian na Kapkatet ni ndugu wa mbali katika muziki. Tofauti ni kwamba mmoja umejenga utalii wake juu ya jina hilo.

Kanda za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, aliyoianzisha mwaka 1954. Leo maktaba hiyo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, zamani Grahamstown, nchini Afrika Kusini. Kwa zaidi ya miaka 60, mtu aliyetaka kuzisikiliza nyimbo hizo alizipata kwa urahisi zaidi ughaibuni kuliko katika vijiji zilikozaliwa. Mwaka 2014 ILAM, ikishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilizirejesha nakala za rekodi hizo. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1950 walizisikia tena sauti zao na za wenzao.

Studio ya Kericho na magitaa ya Koilong'et

Baada ya uhuru, Kericho ilikuwa na kitu ambacho miji mingi ya Kenya haikuwa nacho: kampuni yake ya kurekodi. Duka na studio ya Chandarana, mali ya familia yenye asili ya Kihindi, ilitoa santuri ndogo za wanamuziki wa Kikalenjin, Kiluo, Kiluhya na Kikisii. Mwenye gitaa kutoka Nyanza au Bonde la Ufa hakulazimika kufika Nairobi ili asikike. Baadhi ya santuri hizo sasa hutafutwa na wakusanyaji wa ng'ambo kwa bei ambayo wapigaji wake hawakuiota.

Katika muziki wa magitaa wa Kikipsigis, jina linalotajwa kwanza ni Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Kipchamba, aliyefariki dunia mwaka 2007, aliutwaa mdundo uliokaribiana na benga ya jirani zake Waluo na kuuvalisha lugha na mashairi ya kwao. Kizazi kilichomfuata kilipata msukumo mpya kutoka redio. Kass FM, inayotangaza kwa Kikalenjin, ilizipeleka nyimbo hizi hadi katika matatu, vibanda na kambi za wachumaji chai.

Miongoni mwa sauti za enzi hiyo ilikuwa ya Diana Chemutai Musila, maarufu kama Chelele. Aliuawa mwezi Julai 2013 katika Kaunti ya Bomet akiwa katika kilele cha umaarufu wake. Nyimbo zake bado hupigwa harusini na redioni.

Lini na wapi pa kusikiliza

Nchi hii haina kiangazi cha kungojewa kama kile cha Ulaya. Kericho, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua karibu mwaka mzima, na ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Asubuhi huwa na jua, na alasiri hufunga mawingu. Januari na Februari ndiyo miezi yenye nafuu. Mgeni mwenye busara hutembea mashambani asubuhi, na jioni hutafuta paa na muziki.

Mfuatano wa burudani huongozwa na kalenda ya shule na ya chai. Katika muhula wa pili wanafunzi hushindana katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Mashindano huanzia ngazi za chini, hupita kaunti na eneo, na kufikia kilele mwezi Agosti katika fainali za kitaifa. Anayetaka kuona mavazi ya ngozi na shanga, na kusikia nyimbo za kitamaduni zikiimbwa na vijana, hapati nafasi iliyo bora kuliko mashindano ya kaunti. Yako karibu, na mwanafunzi huimba mbele ya wazazi wake.

Oktoba ni mwezi ambao wakulima wadogo wanaouza majani yao katika viwanda vya KTDA, kama vile Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga, hulipwa bonasi. Fedha zikiingia, miji huchangamka. Bonasi ikiwa nono, muuza nguo, mwenye hoteli na mpiga gitaa wote hucheka. Ikipungua, mpiga gitaa ndiye huanza kulala njaa.

Disemba ni mwezi wa harusi, harambee na kurudi nyumbani. Ni msimu pia wa tumdo, jando la wavulana. Mgeni aelewe kwamba nyimbo za ndani ya jando si za kutazamwa wala kurekodiwa. Sherehe ya hadhara ya kuwapokea vijana ndiyo ya watu wote, na mgeni aliyealikwa hupewa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Si adabu kuyakataa bila sababu.

Vivutio vingine

Kanisa Kuu Katoliki la Moyo Mtakatifu, Kericho, lilifunguliwa mwaka 2015. Lilichorwa na kampuni ya John McAslan + Partners ya Uingereza, na paa lake la vigae huinuka kadiri mtu anavyoelekea altarini. Huchukua waumini wapatao 1,500. Jumapili kwaya zikianza kuimba, hata asiye muumini hutambua kwamba jengo hilo lilijengewa sauti pia.

Hekalu la Masingasinga mjini Kericho huheshimiwa na waumini wa dini hiyo kutoka nchi nyingi kwa sababu ya Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza, alikofariki dunia mwaka 1983. Nyimbo za ibada huimbwa kwa kinanda cha mkono na tabla, na kila mgeni hulishwa bila malipo. Anachotakiwa ni kuvua viatu na kufunika kichwa.

Bustani ya miti ya Chagaik, karibu na barabara ya Nakuru, ina bwawa na miti kutoka pembe nyingi za dunia. Hoteli ya Tea, iliyojengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950, ni kumbukumbu ya enzi za masetla. Fort Ternan, upande wa kaskazini, ndiko Louis Leakey alikopata mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabaki ya kiumbe Kenyapithecus wickeri, yenye umri wa takriban miaka milioni 14. Upande wa Bomet, maporomoko ya Tenwek yako katika mto Nyangores, ambao hukutana na Amala na kuzaa mto Mara, uhai wa mbuga ya Maasai Mara.

Nani atafaidika?

Swali la nani hunufaika na nyimbo hizi si la anasa. Ajira ya mashambani, iliyowalisha wasikilizaji wa bendi kwa karibu miaka 100, imekuwa ikipungua tangu mashine za kuchuma chai zilipoingia. Mwezi Mei 2023 hasira ilifikia hatua ya mashine kuteketezwa katika Kaunti ya Kericho. Mashamba ya James Finlay, na baadaye yale yaliyokuwa ya Unilever, yaliuziwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka kwa makubaliano ya mwaka 2023 na 2024. Vijana ambao wazazi wao waliishi kwa mchuma chai wanalazimika kutafuta riziki nyingine, na utalii wa muziki ni mojawapo.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili na kuhifadhi sanaa za jamii zao, na inaitambua jamii kuwa mwenye haki wakati sanaa hiyo inapotumiwa kibiashara. Wimbo kama Chemirocha, ambao umenakiliwa na kuuzwa katika santuri za mbali, ndio mfano hasa wa mali ambayo sheria hiyo iliilenga.

Waliokuwa vijana mwaka 1950 sasa ni wazee sana, na kila msiba huondoka na maneno ambayo kanda hazikuyanasa. Chai huchumwa leo na kuchipua tena baada ya majuma mawili. Wimbo ukishapotea pamoja na mwimbaji wake hauchipui.